Maswali ya wasomaji: eksentrisiti ni milimita au ni namba tupu?

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba eksentrisiti ya obiti ya Mirihi ni 0.0934 nikaendelea na habari nyingine, basi meseji zikaanza kumiminika. Nimefurahi kweli maana hili neno linapendwa na watu wa aina mbili ambao huwa hawakutani, mafundi wa mashine na watu wa falaki, na kila mmoja anadhani ni lake. Leo safu nzima ni ya eksentrisiti.

Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya ufundi mitambo hapa Arusha. Karakana tunafundishwa eksentrisiti ya shafti na tunaipima kwa milimita. Wewe umeandika ya Mirihi ni 0.0934 bila kipimo chochote. Ni kitu kimoja au majina yamegongana tu?

Marahaba mwanangu. Wazo ni moja, vipimo ndo viwili. Kote kuwili unauliza swali lile lile: kile kinachozungukwa kimekaa umbali gani kutoka katikati ya umbo? Karakana una duara la chuma lenye kitovu chake, halafu una mstari ambao hilo duara linauzunguka kwenye beringi, na hiyo mistari miwili ikiachana kwa milimita 2 basi eksentrisiti ni milimita 2, kwisha habari. Na angalia hapa maana wengi wanapotea: ukiweka geji ya mshale juu ya hiyo shafti ukaizungusha raundi nzima, mshale utatembea jumla ya milimita 4, sio 2, kwa sababu upande mmoja chuma kinakuja milimita 2 na upande wa pili kinakwenda milimita 2. Ukisoma 4 ukaandika 4 kwenye ripoti umeizidisha mara mbili ya ilivyo, na ukichonga kipande kwa hesabu hiyo kitakataa kukaa.

Kwenye mashine mara nyingine huo uhamisho ni kasoro, mara nyingine ndio kazi yenyewe. Krasha ya kusagia kokoto, ile ya mataya mawili, taya moja linakwenda mbele na kurudi nyuma kwa sababu ya shafti iliyochongwa makusudi ikiwa na eksentrisiti. Simu yako ikivaibreti, aghalabu ndani yake kuna kimota chenye kipande cha chuma cha nusu duara kwenye ncha ya shafti, uzito umeegemea upande mmoja, kinazunguka kwa kasi na simu nzima inatetemeka. Umbali wa huo uzito kutoka kwenye mhimili ndo eksentrisiti, na bila huo ungekuwa na kimota kinazunguka kimya na wewe usijue umepigiwa.

Upande wa kasoro chukua tairi. Tuseme tairi na rimu yake vina kilo 20 na kuna gramu 20 zimezidi sehemu moja, sentimita 20 kutoka katikati. Ukipiga hesabu utakuta kitovu cha uzito wa tairi zima kimehama milimita 0.2 tu, huwezi kuiona kwa macho. Sasa endesha kilomita 100 kwa saa, tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 linazunguka karibu mara 15 kwa sekunde, na nguvu inayovuta beringi ni uzito wa tairi mara eksentrisiti mara kasi ya mzunguko mara yenyewe, inakuja kama nyutoni 34, yaani sawa na mtu kaning'iniza kilo 3 na nusu afu anazihamisha juu chini kulia kushoto mara 15 kila sekunde. Ukipunguza hadi kilomita 50 hiyo nguvu inashuka mpaka robo yake. Ndo maana gari lisilobalansiwa linakuwa tulivu mjini na usukani unaanza kutetemeka ukifika barabara kuu.

Sasa angani. Obiti ya sayari ni duaradufu, na Jua halikai katikati yake, linakaa kwenye nukta moja ya pembeni inayoitwa fokasi. Umbali kutoka katikati ya duaradufu hadi kwenye fokasi ndo eksentrisiti ile ile ya karakana, na kwa Dunia ni kama kilomita milioni 2.5. Ila wanafalaki hawaishii hapo, wanaugawanya huo umbali kwa nusu ya ule urefu mkubwa wa obiti, ambao kwa Dunia ni kilomita milioni 149.6, wanapata 0.0167, na hiyo namba wanaiandika kwa herufi e. Kilomita kwa kilomita zimekatana, imebaki namba tupu, na sababu ya kufanya hivyo ni nzuri sana: unaweza kulinganisha obiti ya satelaiti na obiti ya nyota kwa macho ya mara moja bila kujali ukubwa. Fundi hana haja hiyo kwa sababu yeye anataka kujua beringi itapigwa kiasi gani na kipande kitasogea kiasi gani, na hayo yanajibiwa na milimita.

Kama unapenda historia, neno lilianzia angani ndo likashuka karakana. Karne ya 2 kabla ya Kristo Mgiriki Hipparchus aliona majira hayalingani, alihesabu siku 94 na nusu kwa kipindi kimoja na 92 na nusu kwa kinachofuata, na kwa kuwa aliamini Jua linatembea kwenye duara kamili kwa mwendo usiobadilika, njia pekee ilikuwa kuiweka Dunia nje ya katikati ya hilo duara. Akapata uhamisho wa 1 kwa 24 ya nusu kipenyo, yaani kama 0.042. Hiyo ni kubwa kuliko 0.0167 yetu, na kwa kiasi kikubwa kuna sababu ambayo mimi naipenda mno: tofauti ya majira inasababishwa na mambo mawili kwa pamoja, nusu ni huo uhamisho wenyewe na nusu ni kwamba mwendo kweli unabadilika, karibu unaenda haraka na mbali unaenda polepole. Hipparchus hakuruhusu mwendo kubadilika kwa hiyo uhamisho ulibeba mzigo wote peke yake. Aliyekuja kutenganisha hayo mawili sawasawa ni Johannes Kepler, tena kwa Mirihi, maana vipimo vya mwanafalaki Tycho Brahe vilikuwa makini kiasi kwamba tofauti ya dakika 8 za pembe, kama robo ya upana wa Mwezi unavyouona, ilimfanya Kepler aitupe hesabu yake ya duara na kuanza upya. Kitabu chake kilitoka 1609. Ingekuwa alipewa Zuhura aihangaikie, ambayo eksentrisiti yake haifiki 0.007, sijui kama angeng'amua duaradufu maishani mwake.

Mwalimu, mimi nafundisha sekondari Mombasa. Wanafunzi wangu wakichora obiti ya Dunia wanachora yai, na wanasema Januari kuna joto kwa sababu Dunia iko karibu na Jua. Nawajibu nini?

Mwalimu mwenzangu, tuanze na yai. Lile yai limetoka vitabuni, maana mchoraji anataka duaradufu ionekane kwa hiyo anaikandamiza kuliko ukweli, na mtoto anakua na hiyo picha mpaka chuo kikuu. Dawa yake ni boksi, misumari miwili na uzi. Funga ncha za uzi kwenye misumari ili uzi unaobaki kati ya misumari uwe sentimita 40, uvute kwa penseli ukazunguke nao, umepata duaradufu, na kila msumari ni fokasi. Umbali wa misumari gawanya kwa urefu wa uzi, hiyo ndo eksentrisiti. Anza na misumari ikiwa imeachana sentimita 10, hapo ni 0.25, zaidi ya sayari yoyote ya Jua letu, na bado wanafunzi wataapa kwamba ni duara maana ule upana mdogo umepungua asilimia 3 tu. Kwa Dunia misumari inabidi iachane chini ya milimita 7. Kwa kimondomkia cha Halley, chenye 0.967, itaachana sentimita 38.7 na uzi utakuwa umekaza karibu kukatika.

Mtakachogundua hapo ni jambo ambalo natamani lingeandikwa kwenye kila kitabu: eksentrisiti ndogo inahamisha Jua sana lakini haikandamizi umbo. Chora obiti ya Dunia yenye upana wa mita 1 ubaoni. Jua utaliweka milimita 8 pembeni ya katikati, linaonekana kabisa limehama, lakini ule upana mfupi umepungua kama milimita 0.14 tu kwa mita nzima, unene wa chaki unaufunika. Kwa hiyo obiti yetu ni kama duara ambalo Jua halikukaa katikati, sio yai.

Kuhusu Januari, wanafunzi wako wamepata nusu moja ya kweli na hiyo nusu inafaa kusifiwa. Kweli mwanzoni mwa Januari Dunia ndo iko karibu zaidi, kilomita milioni 147.1, na mwanzoni mwa Julai iko mbali zaidi, milioni 152.1. Mwanga tunaopokea unazidi kwa karibu asilimia 7. Lakini waulize London Januari kukoje, wakati ni Dunia ile ile na umbali ule ule. Kinachotawala majira ni mhimili wa Dunia uliolala digrii 23.4, Julai Jua la mchana linakuwa kaskazini, Januari linakuwa kusini. Sisi wa Mombasa na Dar es Salaam tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo joto letu la kaskazi linaangukia wakati Dunia iko karibu, mambo mawili yanatokea pamoja na mtu anadhani moja limesababisha lingine. Huo umbali una alama moja unayoweza kuihesabu kwa kalenda tu: Dunia ikiwa karibu inakwenda kasi zaidi, kilomita 30.3 kwa sekunde dhidi ya 29.3, basi kuanzia Desemba 21 au 22 mpaka Jua lifike juu ya ikweta Machi ni siku 89, na kuanzia Juni mpaka Septemba ni karibu 94. Wape kalenda wahesabu wenyewe.

Na sio namba ya milele. Sayari nyingine, hasa Mshtarii, zinaivuta Dunia na eksentrisiti yetu inapanda na kushuka kati ya karibu sifuri na kama 0.06, kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, mingine ya 405,000, na hilo ni moja ya mambo yanayotumika kueleza zama za barafu.

Assalaam alaykum. Mimi nalima mwani Jambiani. Bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani, moja maji yanatoka mbali sana na ya pili hayatoki sana, halafu baadae zinabadilishana. Hii inahusiana na hayo unayoandika?

Waalaykum salaam dada yangu. Inahusiana moja kwa moja, na hili swali ndo zuri kuliko yote niliyopokea, maana umeyaona kwa macho mambo ambayo wengine wanayasoma tu.

Bamvua, yaani maji kujaa sana na kutoka sana, inakuja mara mbili kwa mwezi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa sababu hapo Jua na Mwezi vinavuta maji kwenye mstari mmoja. Kama obiti ya Mwezi ingekuwa duara kamili zile bamvua mbili zingelingana karibu sawa. Ila eksentrisiti ya Mwezi ni kama 0.055, zaidi ya mara tatu ya Dunia, na mvuto wa Jua unaivurugavuruga, kwa hiyo Mwezi unaweza kukaribia hadi kilomita 356,500 na kwenda mbali hadi 406,700. Tofauti ya umbali ni kama asilimia 14, inaonekana ndogo, lakini nguvu inayoinua maji haipungui kwa umbali tu, inapungua kwa umbali mara yenyewe mara yenyewe tena, na ukizidisha hivyo unapata kwamba Mwezi wa karibu kabisa unavuta maji karibu mara moja na nusu ya Mwezi wa mbali kabisa. Hapo ndipo mita nzima ya mchanga inapotokea au kutotokea.

Sasa kwa nini moja kubwa na moja ndogo: Mwezi unakwenda kutoka karibu hadi mbali kwa wiki mbili hivi, na kutoka mpevu hadi kuandama ni wiki mbili vile vile. Kwa hiyo mwezi mpevu ukiangukia siku ya karibu, mwezi kuandama utaangukia siku za mbali, bamvua ya mpevu inakuwa kubwa na ile nyingine inalegea. Kwa nini zinabadilishana: kutoka mpevu hadi mpevu ni siku 29.5 ila kutoka karibu hadi karibu ni siku 27.6, zinaachana siku 2 hivi kila mwezi, na baada ya miandamo 7 zimeachana kiasi kwamba kubwa imehamia kwenye mwezi kuandama. Miandamo 14, siku 413 hivi, zimerudi pale pale. Wewe ukiandika ukutani mwezi huu kubwa ni ya mpevu, hesabu miandamo 7 mbele, itakuwa ya kuandama. Ongeza kwamba Machi na Septemba bamvua zinazidi kwa sababu nyingine, Jua linakuwa juu ya ikweta, na upepo nao una lake siku hiyo, kwa hiyo usiache kuangalia jedwali la maji.

Watu wa Mbeya waliokwenda Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kuona Jua likipatwa waliiona eksentrisiti hiyo hiyo kwa namna nyingine. Mwezi ulikuwa unaelekea upande wa mbali wa obiti yake, ukaonekana mdogo, upana wake ulifika kama asilimia 97 ya upana wa Jua, ukashindwa kulifunika lote ikabaki pete ya moto. Ungekuwa upande wa karibu siku ile kungekuwa giza mchana.

Hiyo e ya obiti ndo ile e ya 2.718?

Hapana. Ni herufi tu imetumika mara nyingi. Ile ya 2.718 ni namba ya Euler haibadiliki. Na kwenye mekaniki kuna e ya tatu, ya mpira kudunda, inayosema mwendo uliobaki baada ya kugongana ni sehemu gani ya ule wa mwanzo. Ukikutana nayo angalia sentensi iliyo kabla ya fomula.

Niko chuo kikuu Nairobi, mwaka wa pili fizikia. Uzi na misumari haviwezi kupita 1, lakini nimesoma kuna vitu vyenye eksentrisiti ya 3 hata 6. Maana yake nini? Na kwa nyota inatumika?

Ni kweli duaradufu inaishia kabla ya 1, na hapo ndipo maana ya pili inapoanza, ambayo kwangu ndo yenye nguvu. Ukitatua hesabu ya Newton ya vitu viwili vinavyovutana, eksentrisiti inatoka yenyewe kwenye nishati na momentamu ya mzunguko. Nishati ikiwa hasi, kitu kimefungwa, e iko chini ya 1 na kitarudi tu hata kikichelewa. Nishati ikiwa sifuri kamili e ni 1 na njia ni parabola. Nishati ikiwa chanya e inapita 1, njia ni hiperbola, kitu kinakuja, kinapinda, kinaondoka na hakirudi. Kwa hiyo ukipewa hiyo namba moja unajua kama mgeni ni wa kudumu au mpita njia.

Mpaka sasa wamethibitishwa watatu waliotoka nje kabisa ya familia ya Jua: ʻOumuamua wa 2017 mwenye 1.2, Borisov wa 2019 mwenye karibu 3.4, na ATLAS aliyeonekana Julai 2025 mwenye zaidi ya 6. Kadri namba inavyokuwa kubwa ndivyo njia inavyokaribia kunyooka, yaani kilikuja na kasi kubwa mno au kilipita mbali na Jua, likashindwa kukipinda sana.

Kwa nyota inatumika kila siku. Katikati ya galaksi yetu kuna nyota inaitwa S2, eksentrisiti 0.88, inazunguka kitu kisichoonekana kwa miaka 16, na Mei 2018 ilipita karibu nacho kwa zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Kutokana na hiyo obiti iliyokandamizwa hivyo na nyingine za jirani ndo uzito wa kile kitu ulipimwa, mara milioni 4 ya Jua, shimo jeusi, na Reinhard Genzel na Andrea Ghez wakapewa sehemu ya Nobel ya 2020. Mfano mwingine ni zile nyota mbili za nyutroni, yaani viini vizito mno vinavyobaki nyota kubwa zikilipuka, walizozigundua wanafalaki Hulse na Taylor mwaka 1974, zinazungukana kwa saa 7 na dakika 45 kwa eksentrisiti ya 0.617. Zinapoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano, na zinapoteza zaidi pale zinapokaribiana, kwa hiyo obiti inasinyaa na wakati huo huo inazidi kuwa duara. Ukiona jozi iliyokaribiana sana na bado eksentrisiti yake ni kubwa, jiulize ilizaliwaje, maana kwa kawaida ilitakiwa iwe imeshaipoteza.

Na kwa mazoezi, chukua satelaiti iliyorushwa Kenya, Uhuru, iliyoondoka kwenye jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 na kuwa ya kwanza kupewa kazi ya falaki ya eksirei peke yake. Ilizunguka kati ya kilomita 520 na 560 hivi juu ya ardhi. Usitumie hizo moja kwa moja, ongeza kwanza nusu kipenyo cha Dunia, 6,378, maana fokasi iko kwenye kitovu cha Dunia na sio ardhini. Halafu umbali mkubwa toa mdogo, gawanya kwa jumla yao: 40 kwa 13,836, inakuja karibu 0.003.